Mawe kwenye mfuko wa nyongo: kuna dawa au ni upasuaji tu?

Mleta uzi: Wakuu, naomba ushauri. Mama anaumwa chini ya mbavu za kulia, maumivu yanapanda hadi begani, hasa usiku akila vyenye mafuta. Ultrasaundi: mawe matatu, kubwa 14 mm, ukuta wa mfuko 3 mm, mrija mkuu wa nyongo 5 mm. Daktari anataka mfuko utolewe. Hakuna dawa ya kuyayeyusha?

Mwanzi: Pole kwa kuuguza, mkuu. Ukuta wa 3 mm haujavimba na mrija wa 5 mm haujatanuka, hapo mna nafuu. Ila ulizeni majibu ya vipimo vya ini, hasa bilirubini, ile rangi ya manjano iliyomo kwenye nyongo. Ikiwa juu, huenda jiwe limeshaingia mrijani, na hilo hutolewa kwa kamera inayopitishwa mdomoni, kazi tofauti kabisa na kutoa mfuko.

Dawa ipo, asidi ya ursodeoksikoliki. Inafaa kwa mawe madogo ya kolesteroli yasiyo na chokaa, hunywewa kwa miezi mingi, na ukiacha mara nyingi mawe yanarudi. Kwa 14 mm mtapoteza muda.

Kibwebwe: Tafadhali msimpe ile ya mafuta ya zeituni na limau! Vitonge vya kijani vinavyotoka chooni ni mafuta hayo hayo yaliyogeuka sabuni tumboni. Mawe yamebaki palepale, na mafuta mengi kwa mkupuo huufanya mfuko ujikamue kwa nguvu, jiwe likwame kwenye shingo ya mfuko.

Mleta uzi: Nashukuru sana. Upasuaji wenyewe ukoje? Na ataishije bila mfuko?

Mwanzi: Kwa kawaida ni matundu manne, yenye 5 hadi 10 mm. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, daktari anasafisha mpaka aone vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko: kimrija chake na ateri yake. Ndipo anabana klipu na kukata. Kinachoogopwa ni kukata mrija mkuu kwa kudhani ni kile kidogo, kwa hiyo uvimbe ukificha njia atapasua tumbo wazi. Mama aelezwe hilo kabla ya kusaini. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, semeni mapema.

Nyongo hutengenezwa na ini, mfuko ni ghala tu. Baadaye itamiminika moja kwa moja utumboni. Wengine huharisha wiki za mwanzo. Ale kidogo kidogo, mafuta ayarudishe taratibu.

Kibwebwe: Bega likiuma siku mbili tatu baada ya upasuaji ni ile gesi, atembee tembee. Lakini macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe, homa, au tumbo kuzidi kuuma kila siku: huenda nyongo inavuja au jiwe limebaki mrijani. Arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, msingoje tarehe ya kliniki. Na hata sasa kabla ya upasuaji, maumivu yakidumu zaidi ya muda wa saa sita mfululizo au yakija na homa, mpelekeni usiku huo huo.