Laini yenye jina langu inapokea pesa za likelemba, nianzie wapi?

MamaNdakala: Ndugu zangu, usingizi umenikimbia tangu Jumapili. Ninauza ndakala, samaki wadogo wakavu, soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Nina likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, na mama wenzangu tisa, dola 20 kila mmoja, na wiki hii ni zamu yangu. Watatu wameshatuma kwenye namba isiyo yangu! WhatsApp ya namba hiyo ina picha yangu, nimevaa kitenge cha harusi ya mdogo wangu. Wanasema walipotaka kutuma, simu iliwaonyesha majina yangu yote matatu, ndipo wakaamini. Sijaazima mtu simu wala kutoa namba ya siri. Niwalipe kwanza, au nianzie wapi?

Fundi_Kamalondo: Badilisha namba ya siri leo. Kwenye WhatsApp weka pini ya uthibitisho wa hatua mbili, na tazama kama kuna kifaa kilichounganishwa. Ukiletewa namba sita usizoomba, usimsomee mtu, hata akijiita pasta wako.

Yaya_wa_Ruashi: Shida ni likelemba yenyewe. Sisi kuna dada alipokea zamu ya kwanza, akahamia Kolwezi. Tangu hapo pesa yangu anaitunza mama mkwe.

Mzee_Kisanga: Fundi, namba yake ni nzima. Simu humwonyesha mtumaji jina la aliyeandikisha laini. Basi laini hiyo imeandikishwa kwa kadi ya huyu mama. Mama, kadi yako ya uchaguzi ilipita kwa nani?

Mtoto_wa_Kenya: Kadi nyingi za uchaguzi za 2023 zilifutika hadi sura hazionekani. Mwizi kabahatika kupata inayosomeka!

MamaNdakala: Yangu bado inasomeka. Sijampa mwizi.

Mzee_Kisanga: Sikuuliza mwizi. Nimeuliza nani.

MamaNdakala: Ni shemeji, mdogo wa bwana wangu. Mwezi wa tatu alisema kadi yake imefutika, kijana wa kabini, kibanda cha laini na pesa za simu, anamkatalia laini. Nikaenda naye, nikapigwa picha nimeshika kadi. Lakini huyo mtoto nimemlisha bukari tangu ana miaka tisa. Tumeshakubaliana na bwana: turudishe dola 60 kimyakimya, yaishe. Polisi siendi.

Dada_Neema: Mama, jina haliazimwi. Hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Mwangalizi: Jamani, tunachezewa. Mwanzo hajaazima kitu, sasa alisimama kabini na kadi mkononi. Na huyo kijana alijuaje wiki ya zamu? Hii ya kutunga. Kesho ataomba mchango.

MamaNdakala: Siombi hata faranga moja. Daftari la likelemba linakaa chini ya redio, pale shemeji anapokula. Leo nimelifungua: ukurasa wa zamu umekunjwa pembe, na mimi sikunji daftari. Nilificha kwa aibu ya nyumba yangu.

Mzee_Kisanga: Namwamini. Mama, dola 60 hazifungi laini. Kesho akitapeliwa mtu wa Likasi, jina litakalosomwa ni lako. Nenda asubuhi na kadi yenyewe kwenye ofisi ya mtandao, si kabini. Uliza laini zote zilizo kwa jina lako, ile ifungwe, udai karatasi yenye tarehe. Kufunga laini si kumshtaki mtu. Na usiku huu wapigie wale sita waliobaki, wasikie sauti yako.

Yaya_wa_Ruashi: Na hilo daftari litoke chini ya redio!

MamaNdakala: Nimewapigia wote. Wa sita nimemkuta njiani kwenda kabini, dola 20 mkononi. Bwana amekasirika, anataka laini isiguswe mpaka mdogo wake arudi kutoka Kasumbalesa. Sijamjibu. Kadi nimeshaiweka kwenye mkoba wa kesho.