Nyimbo za Neptune Frost: nianzie wapi?

mha_wa_kasulu:
Wadau, habari za leo. Juzi nimeiona filamu ya muziki Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ile iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes 2021, na bado haijanitoka kichwani. Mimi ni Mha. Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo wachimbaji walipoanza kuimba nilishika maneno mengi kabla macho hayajafika kwenye maandishi ya chini. Kijana Tekno ameinua jiwe la koltani, madini ya kutengenezea simu na kompyuta, analitazama tu, mlinzi anampiga, anakufa. Ngoma zinaendelea. Nikasimamisha filamu, nikatoka nje kidogo.

Naomba kujua, albamu ya nyimbo zake ni ipi hasa?

santuri_kuukuu:
Ni Unanimous Goldmine, ilitoka 2022. Jina hilo ndiyo salamu yao wale wadukuzi wa kijijini mle kwenye filamu, utakuwa umelisikia. Ila usianzie hapo. Anza na MartyrLoserKing, albamu ya Williams mwenyewe ya 2016, maana Williams alikuwa na hadithi hii miaka mingi kabla ya kushika kamera. Hata jina la Matalusa, yule mchimbaji ndugu yake Tekno, limetoka humo: tamka "Martyr Loser" haraka haraka, kwa ulimi wa kwetu, utalisikia lenyewe.

niko_kigali:
Nyongeza. Hadithi ni ya Burundi, lakini walipigia picha huku Rwanda, na baadhi ya waliomo ni Warundi waliokimbia machafuko. Matalusa mwenyewe ni Kaya Free, rapa Mrundi. Neptune, mhusika mkuu, kaigizwa na watu wawili, Elvis Ngabo kwanza, kisha Cheryl Isheja. Na tafadhali rudia kuangalia mavazi aliyoyabuni Cedric Mizero! Nyaya na vipande vya kompyuta chakavu, vitu tunavyovikanyaga jalalani, mle vinavaliwa kama vito. Albamu usiisikilize kwa spika ya simu, besi yote itapotea.

mha_wa_kasulu:
Asanteni sana, ndugu zangu. Nimeanza na ya 2016 kama nilivyoshauriwa, nimeirudia mara tatu. Jana jioni nikaazima spika kwa jirani, nikamwekea mama kile kipande cha machimboni, sauti tu. Alikuwa anachambua maharage. Akaweka ungo chini, akaniuliza, "Hao watoto ni wa wapi? Mbona nawaelewa?"