Tumuenzi vipi mwalimu mkuu aliyelea midahalo na maigizo?

Mlezi wa Maigizo (swali)

Wanajukwaa, salamu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa hapa Kenya, na ndimi mlezi wa chama cha maigizo. Mwalimu wetu mkuu anatimiza miaka 60 muhula ujao, hivyo anastaafu kama kanuni za utumishi zinavyotaka. Tangu aje kwetu, haujapita muhula wa kwanza bila shule kupeleka walau mchezo mmoja au shairi la kukariri kwenye Tamasha la Drama, hata ule mwaka tulioishia kiwango cha kaunti ndogo kwa sababu gari lililobeba ngoma na maleba lilikwama matopeni. Mdahalo wa Ijumaa alasiri haukuwahi kufutwa ili kupisha masomo ya ziada, na anayezijua shule zetu anaelewa kwamba hilo si jambo dogo.

Sasa kamati ya hafla imeleta yale yale: hema, mgeni rasmi, risala, hotuba saba, seti ya makochi na tangi la maji. Isitoshe, wapo wenzangu wanaonong'ona kwamba fedha za maleba zingalitosha kuitengeneza maabara. Nauliza: mtu wa namna hii aenziwe vipi, kwa njia inayofanana na kazi yake?

Mwalimu Mstaafu

Mwalimu, pole kwa hizo hotuba saba. Mimi niliketi chini ya hema kama hilo nikasomewa risala ambayo, ukibadilisha jina na tarehe, ingemfaa mwalimu mkuu yeyote wa wilaya nzima: mchapakazi, mcha Mungu, mzazi kwa wote. Sikumbuki sentensi yake hata moja.

Tafuteni matendo, si sifa. Muulizeni dereva alirudi saa ngapi usiku wa tamasha na nani alikuwa langoni akiwasubiri watoto. Muulizeni mpishi ni nani aliyeagiza chakula cha wanaofanya mazoezi kiwekwe kando. Kumbukeni pia kwamba mkuu wenu amesimama katika safu ndefu. Tamasha la Muziki, ambalo nalo lina mashairi ya kukariri, lilianza 1927. La Drama likafuata 1959. Na katika shule ya upili ya wavulana ya Alliance, enzi ya mwalimu mkuu Carey Francis aliyeiongoza kuanzia 1940 hadi 1962, wanafunzi walikuwa wakiigiza Shakespeare kila mwaka. Huyo alipomaliza ukuu alikwenda shule ya Pumwani, Nairobi, kufundisha kama mwalimu wa kawaida, jambo ambalo wakuu wetu wa leo wangelitazama kama adhabu.

Kuhusu minong'ono, ushauri wangu ni kuipandisha jukwaani. Tungeni ngonjera, utanzu ambao Mathias Mnyampala aliueneza sana kule Tanzania: upande mmoja uitetee maabara, wa pili ulitetee jukwaa, na mzee aketi mbele asikilize. Mtu aliyewafundisha watoto kubishana kwa hoja hawezi kuagwa kwa kupigiwa makofi tu.

Naibu wa Shule Jirani

Kwa heshima zote, Mwalimu Mstaafu, hapo sikubaliani nawe. Siku ya kumuaga mtu si siku ya kumsuta. Familia yake itakuwapo, bodi itakuwapo, na mtoto wa kidato cha pili akiteleza ulimi katika ubeti mmoja, waliokuja kula pilau watabaki na ubeti huo. Fanyeni mdahalo Ijumaa inayotangulia, wanafunzi na walimu peke yao, na hafla iwe ya shukrani.

Mhasibu

Nitagusia fedha tu. Msiwatoze wazazi mchango wa lazima kwa ajili ya zawadi, wala msichote katika fungu la shule. Mwalimu mkuu wa shule ya umma ni mtumishi wa umma, na sheria inaweka mipaka ya zawadi anayoweza kupokea. Hata Ibara ya 76 ya Katiba, inayowahusu maafisa wa dola, inasema kwamba zawadi itolewayo katika hafla rasmi ni mali ya Jamhuri. Mchango uwe wa hiari, uandikwe daftarini, na makochi yasizidi kiasi. Tangi la maji lingeifaa zaidi shule yenyewe.

Mwanafunzi wa Zamani

Nilipita katika shule nyingine, lakini mkuu wetu alikuwa wa aina hiyo hiyo. Wakati wa mazoezi alikuwa akikaa benchi la mwisho kabisa, mgongo ukutani, bila kusema neno. Sauti yako isipomfikia huinua mkono, nawe unarudia mstari tangu mwanzo. Mimi nilirudia mmoja mara kumi na moja. Tulipomuaga, hakuna aliyekumbuka kumwekea kiti nyuma. Tulimpandisha jukwaa kuu akakaa kati ya diwani na mwenyekiti wa bodi, na mkono wake haukuinuka hata mara moja ingawa vipaza sauti vilikuwa vibovu. Ningeomba nyinyi mumwachie nafasi yake.

Mlezi wa Maigizo

Nawashukuru nyote. Hotuba zimepunguzwa zikabaki mbili, na tangi litafungwa kando ya maabara. Kuhusu ngonjera, nilishindwa kuamua kati ya Mwalimu Mstaafu na Naibu, nikaona heri nimwendee mwenyewe ofisini, japo nilijua kwamba naharibu siri. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza upande wa maabara wamepewa akina nani. Nilipomtajia, alitikisa kichwa na kusema hao ni wachanga mno, nitafute wasemaji wenye nguvu zaidi, tena walimu wawili wa fizikia wawasaidie kupanga hoja.