Naomba ushauri: Gion Matsuri kule Kyoto, nimpeleke mama tarehe 17 au 24 Julai?

Wakuu, habari zenu. Nipo Osaka kimasomo na mwezi wa saba mama anakuja kunitembelea. Nataka nimpeleke Kyoto kwenye Gion Matsuri, sherehe iliyoanzia kwenye matambiko ya mwaka 869 ya kuomba tauni iondoke. Kinachonivuta zaidi ni jinsi yale magari makubwa ya mbao yanavyokata kona ya Shijo na Kawaramachi. Magurudumu hayapindi, kwa hiyo wanatandika mianzi chini, wanaimwagia maji, kisha wavutaji wanavuta kamba mpaka gari zima linateleza kwa ubavu.

Shida ni magoti ya mama. Maandamano ya tarehe 17 ndiyo makubwa, magari 23, lakini umati ule na joto la Kyoto, hata mtu wa Tanga atalalamika. Ya tarehe 24 yana magari 11 na watu ni wachache, ila jioni za kabla yake hukuti vile vibanda vya vyakula barabarani. Na mama kutembea bila kuonja kitu, hawezi!

Waliowahi kwenda na wazazi: viti vya kulipia vina kivuli, au ni kukaangwa juani? Na yukata (kimono nyepesi za kiangazi) za kukodi, mama mwenye mwili atapata saizi, au avae dera lake tu? Ya kwamba upande wa kushoto wa yukata unakaa juu ya ule wa kulia, kwa kuwa kinyume chake huvalishwa maiti, hilo nalijua. Vyoo je, mnaenda wapi?