Naomba ushauri: nataka databesi isomeke tu, isiandikwe, wakati nahamisha seva

KijanaWaMasasi
Wakuu, habari za jioni. Natunza mfumo wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho huku Masasi. Databesi ni MySQL 8.0, iko kwenye kompyuta ya ofisini ambayo diski yake imeanza kukwaruza, kwa hiyo nataka kuihamishia seva mpya haraka. Shida msimu umeshafunguliwa. Wakulima wanapanga foleni kuuliza kama pesa za mnada uliopita zimeingia, na karani wa mizani anaingiza kilo kutwa nzima. Mwenyekiti hataki kusikia "mfumo umezimwa". Naweza kuzuia kuandika kwa saa mbili tatu, watu waendelee kuangalia taarifa zao? Nimeona amri ya kufunga majedwali yasomeke tu, FLUSH TABLES WITH READ LOCK, sijaielewa vizuri.

MzeeWaLigula
Zima usiku, nakili, washa asubuhi. Vijana mnapenda kujipa kazi.

KijanaWaMasasi
Shikamoo mzee. Usiku funguo za ofisi anazo katibu, na katibu analala Lukuledi.

MzeeWaLigula
Marahaba. Basi ngoja wenyewe waje.

FundiMikindani
Mkuu, hiyo FLUSH achana nayo kwa kazi ya saa mbili. Kufuli lake linashikiliwa na muunganisho uliotoa amri. Ukifunga dirisha au mtandao ukikatika limeachia, na hakuna atakayekuambia. Tumia SET GLOBAL super_read_only = ON, ambayo inawasha na read_only papo hapo. Usiishie kwenye read_only peke yake, maana mwenye haki za usimamizi, SUPER au CONNECTION_ADMIN, anaendelea kuandika kama kawaida. Programu yenu inaingia kwa akaunti gani?

KijanaWaMasasi
Root, ile akaunti kuu yenye haki zote. Niliikuta hivyo.

FundiMikindani
Nilihisi. Mifumo ya huku kwetu karibu yote ni root. Basi read_only ingekuwa pambo tu kwako. Halafu amri ikionekana imeganda usiogope: inasubiri amri za wengine zinazoendelea ziishe. Tazama SHOW PROCESSLIST, utamwona aliyeishikilia. Na kompyuta ikijizima katikati (umeme unaujua), ikiwaka inasoma upya faili la mipangilio, my.cnf, na kama hukuandika humo inarudi kupokea maandishi. Tumia SET PERSIST badala ya SET GLOBAL, hiyo inabaki hata kompyuta ikizimika na kuwaka.

BintiNewala
Kaka, kabla hujafunga jaribu kwenye nakala. Sisi tulifunga vizuri kabisa, mkulima akiingia kuangalia salio anapigwa kosa 1290. Kumbe programu huandika saa ya mwisho ya kuingia kila mtu anapojitambulisha. Kusoma kwenyewe kulikuwa kunaandika! Ilibidi mtengenezaji azime kipande hicho kwanza.

KijanaWaMasasi
Duh, dada, hiyo sikuiwaza. Kuna databesi nyingine ya mahudhurio kwenye seva hiyohiyo, nayo itafungwa?

BintiNewala
Ndiyo, super_read_only inafunga seva nzima. Ukitaka moja tu, kuanzia 8.0.22 kuna ALTER DATABASE jina READ ONLY = 1. Nakala unayotoa kwa mysqldump, programu ya MySQL ya kunakili databesi, haibebi kufuli hilo, kwa hiyo upande wa pili itafunguka ikiwa inaandikika, na ndivyo unavyotaka.

FundiMikindani
La mwisho ndilo linaloumiza watu. Ukimaliza kunakili USIFUNGUE ile ya zamani. Elekeza programu kwenye seva mpya, ya zamani ibaki imefungwa. Zikiandikwa zote mbili hata nusu saa, kilo za mkulima zitakuwa sehemu mbili, na kikao cha malipo hutakitoka salama. Karani wa mizani mpe kitabu cha stakabadhi chenye namba: jina, kilo, daraja. Ataingiza baadaye kwenye mpya.

KijanaWaMasasi
Nimeshamwambia, kanuna ila kakubali. Na hiyo root?

FundiMikindani
Seva mpya ianze na akaunti mpya. Ipe SELECT, INSERT, UPDATE na DELETE (kusoma, kuingiza, kubadili na kufuta) kwenye databesi hiyo moja. Root ibaki yako, na neno la siri lisibandikwe kwenye kioo.