Nitajiandaaje kwa GMAT na ufadhili wa MBA nikiwa kazini Kisumu?

Mhasibu wa Kondele
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mhasibu katika Sacco moja hapa Kisumu, huu ukiwa mwaka wangu wa tano kazini, na nimeazimia kuomba nafasi ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, ng'ambo ifikapo Septemba. Siku tano za mwisho wa kila mwezi hufunga hesabu hadi saa tatu usiku, na hapo ndipo ratiba yangu ya masomo huvunjika. Nimeanza kusoma mara mbili, na mara zote mbili nimeacha. Karo siimudu bila ufadhili. Je, nishughulikie kwanza GMAT, yaani mtihani wa kujiunga na vyuo vya biashara, au ufadhili?

Jirani wa Section 58, Nakuru
Pole, dada. Niliufanya mtihani huo nikiwa afisa wa mikopo, kwa hiyo siku hizo nazijua vyema. Usishindane nazo: ziondoe kabisa kwenye ratiba, uhesabu kwamba mwezi wako una wiki tatu za kusoma. Mimi nilisoma alfajiri, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu, kwa kuwa jioni nilikuwa nikisoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuuelewa.

Mtihani wa sasa una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hisabati yenye maswali 21, lugha yenye maswali 23 na uchambuzi wa data wenye maswali 20. Toleo hili lilipoanza mwishoni mwa 2023, insha na maswali ya jiometri yaliondolewa, hivyo usinunue vitabu vya zamani. Kikokotoo huruhusiwa katika uchambuzi wa data pekee, na kwa mhasibu aliyezoea mashine hilo si jambo dogo. Rudia hesabu za sehemu, asilimia na uwiano kwa kalamu na karatasi. Wenye mtihani hutoa majaribio mawili bila malipo. Fanya moja sasa ujue ulipo, na la pili ulihifadhi hadi wiki za mwisho. Kilichonisaidia kuliko vyote ni daftari la makosa, ambamo niliandika sababu ya kukosa kila swali, kwani niligundua kwamba mengi niliyakosa kwa haraka ya kusoma wala si kwa kutojua hesabu.

Mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani, ila kwa jinsi umeme unavyopotea, mimi nilichagua kusafiri hadi Nairobi.

Mzazi wa Kakamega
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu kusoma, lakini kalenda ningeianzia kwenye ufadhili. Chevening, kwa mfano, ambao ni ufadhili wa serikali ya Uingereza, hupokea maombi kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba, hutaka uwe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, na hutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Ni kwa shahada za uzamili za mwaka mmoja Uingereza, na kwa MBA kuna kikomo cha karo wanayolipa. Fahamu mapema pengo utakalolijaza. Tena, vyuo vingine havidai GMAT, na vingi hupokea GRE, mtihani mwingine wa kujiunga na masomo ya uzamili, badala yake, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo kabla ya kulipia mtihani.

Jambo zito zaidi ni barua za mapendekezo. Mkuu wako akiombwa barua Septemba pasipo kujua lolote, ataandika mistari minne ya jumla. Zungumza naye mapema, umkumbushe kazi mahususi ulizoziongoza na tofauti zilizoleta kwa wanachama.

Mhasibu wa Kondele
Asanteni sana, ndugu zangu. Nitafanya mtihani katikati ya Juni, kwa kuwa ukirudiwa ni lazima zipite siku 16, na sitaki Agosti inikute ningali kwenye hesabu badala ya insha za maombi. Kuhusu mkuu wangu, nilikuwa nahofia kwamba akijua nataka kuondoka ataninyima nafasi ya kupandishwa cheo. Je, ulizungumza na wako lini, jirani wa Nakuru?

Jirani wa Section 58, Nakuru
Baada ya kupata alama, dada. Nilimwendea nikiwa na matokeo mkononi, miezi miwili kabla ya siku ya mwisho ya maombi, na barua yake ilikuwa na kurasa mbili.