MJADALA: Ghuba ya Speke ipo kwenye ramani mpaka leo, Bombay yeye alipewa nini?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Chukua ramani ya Ziwa Victoria, angalia juu kidogo ya Mwanza, yale maji yaliyo kati ya Ukerewe na kule Magu, utakuta yameandikwa Ghuba ya Speke. Speke mwenyewe ndo yule msafiri Mwingereza aliyefika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akaliangalia ziwa siku chache tu, akarudi Kazeh (Tabora ya leo) kumwambia Burton, mkuu wa msafara wao aliyekuwa amelala mgonjwa, kwamba chanzo cha Nile nimeshakipata. Sawa, hilo hatubishani.

Ninachouliza mimi, hivi huko njiani nani alikuwa anaongea na watu? Maana Speke Kiswahili hakijui na Kiarabu hakijui. Alikuwa anaongea Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, halafu Bombay ndo anawaambia wenyeji kwa Kiswahili, majibu nayo yanarudi kwa njia hiyohiyo. Yaani kila alichosikia bwana yule kuhusu ziwa kilipita kwanza kwa Bombay.

Na huyu Bombay si mtu mdogo jamani. Myao, alikamatwa utotoni akauzwa, akapelekwa India, tajiri yake alipokufa akawa huru akarudi pwani, akawa askari wa Sultani, na hapo ndipo Burton na Speke walimchukua 1857. Baada ya safari ile akatoka tena na Speke na mwenzake Grant 1860, wakapita Karagwe, Buganda, wakashuka na Nile mpaka Kairo, akarudishwa Zanzibar kwa meli. 1871 Stanley, mwandishi wa habari, anakuja kumtafuta Livingstone, yule mmisionari msafiri, anamchukua nani? Bombay. 1873 anakuja Cameron, Mwingereza mwingine, Bombay yumo tena, wakatembea mpaka wakatokea bahari ya upande wa pili, Angola, 1875. Mzungu anaondoka anakuja mwingine ila kiongozi wa msafara ni yuleyule!! Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa medali ya fedha 1876 na kapensheni, akafa 1885, basi ikaishia hapo.

Hoja yangu ni kwamba watu kama hawa waingie kwenye vitabu vya shule kwa uzito uleule wa Speke na Stanley, na ile ghuba kama inawezekana ibadilishwe jina. Nawasilisha.

Mtoto wa Nyegezi

Ghuba ya Bombay? Watalii watatafuta ndege ya India 😂😂

Ticha wa Jografia

Mleta mada umeandika vizuri ila unachanganya mambo mawili. Kufika mahali na kuliweka hilo mahali kwenye ramani ni kazi mbili tofauti. Speke alikuwa anapima, anachemsha maji anaangalia kipimajoto ili ajue mwinuko wa ziwa, anapima jua na nyota ili ajue yuko wapi, anaandika kila siku hata akiwa na homa. Bombay hajaacha karatasi hata moja. Sasa mimi darasani nitafundisha nini? Halafu mkumbuke hata Speke mwenyewe hakuaminiwa, Burton alimpinga hadharani, wakapangiwa kukutana kwenye mdahalo pale Bath, Uingereza, Septemba 1864 na siku moja kabla yake Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mambo yalikuja kunyooka Stanley alipolizunguka ziwa lote 1875 ikaonekana kweli ni ziwa moja. Kuunganisha Mwanza, Jinja na Kairo kwenye karatasi moja ni kazi, tusiidharau kwa sababu tu aliyeifanya ni mzungu.

Mleta mada

Ticha sijaidharau. Lakini hebu tuanzie mwanzo, Speke alienda Mwanza kwa sababu gani? Aliambiwa! Pale Kazeh kulikuwa na mfanyabiashara Mwarabu anaitwa Snay bin Amir, yeye ndo aliwaeleza Burton na Speke kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Tanganyika, na njia akawaonyesha. Yaani mtu kaelekezwa kama tunavyoelekezana kituo cha daladala. Na hilo la Stanley kuzunguka ziwa, alizunguka na nini? Na boti ya Lady Alice, ya mita kama 12, iliyokatwa vipande ikabebwa mabegani kutoka Bagamoyo mpaka kusini mwa ziwa. Nahodha wake Uledi. Kama hao wapagazi wangetua vile vipande Ugogo wakaingia porini (na wengi walikuwa wanatoroka kweli) Stanley angezunguka ziwa kwa kuogelea?

Bint Kilwa

Mimi ni wa pwani na nina damu ya hao watu wa misafara, kwa hiyo nisemeni vibaya tu. Msiwafanye malaika. Njia mnayoisifia, Bagamoyo Tabora Ujiji, ndo njia iliyopitisha meno ya ndovu na watumwa. Kapteni wa msafara alikuwa anajua kulipa hongo (ushuru wa njia) kwa watemi wa Ugogo, anajua kisima kiko wapi, lakini pia anajua kuchapa viboko. Na mtu akishaanza na Bombay kesho atakuja na Tippu Tip, yule tajiri wa pembe na watumwa, kwa nini asije, naye alivuka msitu wa Kongo na bila yeye Stanley 1876 asingeondoka Nyangwe kule Kongo, na habari za maisha yake kaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Je na yeye tumpe ghuba? Waulizeni watu wa Maniema huko Kongo kwanza.

Halafu kisiwa cha Bumbire pale Kagera, 1875, Stanley alirudi kulipiza kisasi akapiga watu risasi ufukweni. Mnadhani bunduki zote zile alizishika peke yake?

Mleta mada

Dada yangu hapo kwa Tippu Tip nakubaliana na wewe, huyo namuweka kwenye somo la biashara ya utumwa na abaki hukohuko. Lakini Bombay alikuwa ameuzwa mwenyewe utotoni na alikuwa kibarua wa mshahara. Speke aliwahi kumtwanga makonde kichwani mbele ya watu kisa wamebishana mambo ya kambi. Si sawa kumweka kapu moja na tajiri wa watumwa.

Mama Wawili

Nyie wote mnaongelea ziwa, mie safari inayonishangaza ni ya Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Livingstone anafia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Bosi kafa, hakuna mzungu mwingine kambini, hakuna wa kuwalazimisha, wangeweza kumzika palepale wakarudi makwao. Wao wakatoa moyo na matumbo wakazika chini ya mti, mwili wakaukausha juani, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti wakaanza safari kuelekea pwani. Kilomita kama 1,600, miezi tisa. Wamefika Unyanyembe (hapo Tabora) wanakutana na Cameron anawaambia zikeni hapahapa, wakakataa! Mbele wakafika kijiji ambacho watu hawataki maiti ipite, wakajifanya wamekubali kwenda kumzika, wakafunga furushi la uongo wakalirudisha nyuma likisindikizwa na waombolezaji, huku mwili wenyewe umefungwa upya kama robota la nguo unaendelea na safari. Sasa hapo Ticha nani kapanga? Kipimajoto?

Bagamoyo wamefika Februari 1874, wakalipwa ujira wao wakaambiwa asanteni kwaherini. Mazishi ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili hawakuwepo. Aliyepelekwa ni Jacob Wainwright, mwenzao wa msafarani. Chuma na Susi walikuja kuitwa Uingereza baadaye kwa pesa ya rafiki wa marehemu, wakakaa na mhariri kumsaidia kupanga yale maandishi ya mwisho ya Livingstone. Kwa hiyo hilo la kwamba hawajaacha karatasi sio kweli sana, wamo ndani ya karatasi ila jina la juu ni la mwingine.

Na kulikuwa na Halima, mpishi, naye alikuwemo kwenye msafara ule. Wanawake mnawaruka kila siku.

Ticha wa Jografia

Mama Wawili nimesalimu amri kwa Chuma na Susi. Chuma alikuja kumuongoza hata Joseph Thomson, msafiri Mskoti kijana wa miaka 21 tu, 1879 baada ya mkuu wa msafara kufa njiani, ni kweli bila Chuma sioni angefikaje. Ila ghuba bado sibadilishi.

Jirani wa Kisumu

Nawasoma tu toka asubuhi. Nyinyi mnagombania mabosi, mbona wapagazi hamuwataji? Mnyamwezi anabeba frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30, analipwa kwa merikani (kitambaa) na shanga, ndui ikija anaachwa njiani. Burton alirudi Zanzibar 1859 akagoma kuwalipa baadhi yao alichowaahidi mpaka ikawa kesi na wakubwa zake. Stanley alitoka Bagamoyo 1874 na watu karibu 350, Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, alifika Agosti 1877 na kama 115 hivi, wazungu watatu aliokuja nao wote walikufa na hao ndo wanatajwa majina. Lakini Stanley aliacha orodha ya wafu wake wote, majina yapo. Ukiweka Bombay mahali pa Speke umebadilisha sanamu tu, wale wa chini wamebaki chini.

Mleta mada

Jirani hapo umenibana. Basi niseme hivi, jina la ghuba naliacha kwanza. Ile orodha ichongwe kwenye ukuta pale Bagamoyo walipoanzia, na Wangwana (watu wa misafara wa pwani) na Wanyamwezi wote wasomeke, na walioachwa na ndui, hata waliotoroka.

Bint Kilwa

Waliotoroka wawekwe juu kabisa, hao ndo walikuwa na akili. Na watu wa Bumbire nao mtawawekea ukuta wao au mmeshawasahau?